Barua ya Wazi kwa Bodi ya Filamu Tanzania: Kila Filamu Ipewe Namba Yake

Katibu Mtendaji,
Bodi ya Filamu Tanzania,
Dar es Salaam.

Ndugu Katibu Mtendaji,

YAH: KANZIDATA YA FILAMU ZA TANZANIA

Nakuandikia kutoka Guangzhou, ninakofanya kazi ya kutengeneza mifumo ya kompyuta. Katika kumbi za sinema za huku, kabla filamu haijaanza, kioo hugeuka kijani, kikatokea kichwa cha joka cha rangi ya dhahabu pamoja na namba ya kibali yenye mwaka na nafasi ya filamu hiyo katika mfululizo. Watazamaji wengi hawaitazami. Bado wanahangaika na bisi zao. Mimi huitazama, kwa sababu ndicho kitu ambacho filamu zetu hazina budi kukipata: namba ya kudumu, itakayobeba kanzidata nzima badala ya jina.

Jina halibebeki peke yake. Hapa Guangzhou, katika mtaa wa Enning, ipo nyumba ya ukoo wa Bruce Lee, ambaye baba yake alikuwa mwigizaji wa opera ya Kikantoni. Filamu ya Bruce Lee ya 1971, The Big Boss, ilipofika Marekani iliitwa Fists of Fury. Ile ya 1972, ambayo jina lake halisi ni Fist of Fury, ikabandikwa jina The Chinese Connection. Karani anayepanga kwa majina lazima azichanganye. Sasa ongeza majina ya Kichina, kisha nakala za vibanda vyetu vya video zenye sauti ya mkalimani kama Lufufu, uone orodha inavyofumuka wakati kazi zenyewe ni mbili tu.

Kwetu hali ni hiyo hiyo. Andika "Oprah" kwenye simu utafute filamu ya mwigizaji Kanumba ya 2008: atakayekuja kwanza ni mtangazaji wa Marekani. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, ilioneshwa Toronto mwaka 2021 kwa jina Tug of War. Taifa lilikwisha kulielewa jambo hili kwa watu: akina Juma Hamisi ni wengi, ndiyo maana kila mmoja ana namba yake ya kitambulisho cha taifa (NIDA).

Vibali vya filamu vimekwisha kuhamia mtandaoni, na hilo ni jema. Lakini mfumo wa vibali na kanzidata ya filamu si kitu kimoja. Kibali hujibu kama filamu iruhusiwe. Kanzidata hujibu kama filamu ipo. China imeviunganisha viwili hivyo, kiasi kwamba filamu isiyo na joka haiingii sinema. Hapo nakuomba tusiige. Namba ipewe hata filamu iliyonyimwa kibali, hata iliyouzwa mtaani bila kupita kwenu, na hata zile zilizotangulia Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, zikiwemo za Kampuni ya Filamu Tanzania iliyoanzishwa 1968. Hali ya kibali iwe taarifa mojawapo tu, inayoweza kubadilika bila namba kuguswa.

Ndani ya kanzidata hiyo, jedwali la kwanza liwe la kazi zenyewe. La pili liwe la matoleo, kwa sababu ya desturi yetu ya kuikata filamu moja vipande viwili na kuuza kila diski peke yake. Je, hiyo ni filamu moja au mbili? Kwa muuzaji wa Kariakoo ni mbili. Kwa historia ni moja. Majedwali mawili yanawatosheleza wote. Majina nayo yawe na jedwali lake, kila jina na lugha yake na nchi lilikotumika. Na nchi isiwe kisanduku kimoja: Maangamizi ya 2001, iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill, ni ya Tanzania na ni ya Marekani.

Watu wanahitaji uangalifu zaidi. Amri Athumani, aliyefariki tarehe 8 Agosti 2018, aliitwa King Majuto na Mzee Majuto. Mfumo ukihifadhi waigizaji kama maneno yaliyotenganishwa kwa mkato ndani ya safu moja, mzee huyu atagawanyika kuwa watu watatu, na hakuna atakayeweza kuorodhesha kazi zake zote. Mtu awe na rekodi moja na majina yake yote chini yake. Kisha jedwali la ushiriki limuunganishe na kila filamu, likitaja alichofanya: kuigiza, kuongoza, kushika kamera, kuhariri. Mshika taa naye aingie. Warithi wakienda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kudai haki, wasitegemee kumbukumbu ya mtayarishaji.

Namba hiyo hiyo itumike COSOTA, kwenye vituo vya televisheni na kwenye malipo. Huku, sheria ya filamu iliyoanza kutumika Machi 2017 inazitaka kumbi ziuze tiketi kwa mfumo wa kompyuta na kutoa hesabu za kweli. Hesabu ya aina hiyo haiwezekani kama ofisi mbili zinaiita filamu moja kwa majina mawili.

Naomba, basi, mambo matatu. Bodi itangaze muundo wa namba kabla ya kununua programu yoyote. Mafaili ya filamu za zamani yaingizwe kuanzia ya kale zaidi, maana waliozitengeneza filamu hizo ndio tunaowapoteza kwanza. Na kanzidata iwe wazi kwa umma bila ada, pakiwa na nafasi ya msanii kuomba rekodi yake isahihishwe na kujibiwa kwa maandishi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mtanzania mkazi wa Guangzhou