Haki Ipo, Suam Inakosa Karatasi

Mto Suam umegawa nchi mbili, Kenya na Uganda, haukugawa koo. Wasabaot wa Endebess na Mlima Elgon huoa Bukwo, upande wa Uganda, Wasebei wa Bukwo nao huoa huku, na mtoto huzaliwa penye hospitali ya karibu. Tatizo hujitokeza miaka 18 baadaye, kijana anapoenda kuomba kipande na kuulizwa: ulizaliwa wapi?

Wengi huogopa jibu la kweli, na wanaogopa bure. Ibara ya 14 ya Katiba ya 2010 inasema mtoto ni raia kwa kuzaliwa iwapo baba au mama yake ni Mkenya, awe alizaliwa Kitale au Bukwo. Katiba ya zamani ilimnyima mama uwezo wa kumrithisha uraia mtoto aliyezaliwa nje. Hii ya sasa imempa, na inawafikia hata waliozaliwa kabla yake. Kwa hiyo mzazi anayemlipa dalali amtafutie cheti cha uongo cha Kitale anajitafutia kesi, na haki anayo tayari. Avuke achukue cheti halali cha NIRA, mamlaka ya usajili ya Uganda, akiambatanishe na kipande cha mzazi aliye Mkenya.

Wenye taabu zaidi ni waliokuja kwa ndoa. Mke au mume wa Mkenya anaweza kuomba ukaaji wa kudumu ndoa ikitimiza miaka 3. Ikitimiza 7, Katiba inampa haki ya kuomba kuandikishwa raia. Lakini mama aliyetolewa ng'ombe, mwenye watoto watano na ukoo mzima wa mashahidi, faili lake halisongi, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ndoa ya kimila isajiliwe naye hana cheti. Mkononi ana ndaga muntu tu, kitambulisho cha Uganda. Mume akifariki leo, atawaonyesha nini shemeji wanaolitaka shamba?

Jumuiya ya Afrika Mashariki haitamwokoa. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika 2010, iliachia kila nchi suala la ukaaji wa kudumu.

Tunaitaka serikali ilete msajili wa ndoa, msajili wa vizazi na afisa wa uhamiaji Suam, Chepchoina na Cheptais, siku ya soko, wakae meza moja. Wazee walioshuhudia mahari wasikilizwe hapo hapo. Barua ya chifu itolewe bure. Hili linawezekana: Wamakonde waliokuwa hawana uraia walipotambuliwa kuwa Wakenya mwaka 2016, maafisa waliwafuata Kwale.

Nanyi wenye ndoa, msingoje meza hiyo. Nendeni mkasajili ndoa wakati mume na mke wote wako hai na wazee waliokula ng'ombe bado wanakumbuka.