160J Ilishinda Safari, Lakini 504 Ndiyo Ilitubeba

Wasee wa Kitale, hii stori ya ati Datsun 160J ni noma kuliko Peugeot 504 imenichosha. Sawa, Shekhar Mehta alishinda Safari Rally na Datsun mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Heshima. Peugeot 504 ilishinda 1975 na 1978. Mbili kwa nne, hapo mmetupiga.

Lakini nani hapa anaishi kwa rali? Zote zinasukumwa na tairi za nyuma, sasa weka mzigo nyuma uone. Pikapu ya 504 ikijaa magunia ya mahindi, matope ya Kiminini inayakanyaga tu. Ile ya viti safu tatu nayo ilikuwa matatu ya safari ndefu, wazee waulizeni. 160J ukiipakia watu watano na kuku mmoja, inaburuza makalio.

Kinachoniuma ni hiki: juzi Bungoma nimeona kijana wa rika langu akiuza 504 ya babu yake kwa kilo, kama skrepu, ndio anunue rimu za Mark X. Kwa kilo! Na sheria hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hivyo ukishaikata, huletewi ingine Mombasa.

Buda, kama imekushinda, nitumie meseji kwanza. Digrii sina, spana ninazo.