MOTOKARI MUPYA, MAKUTA YA JASHO



Mwezi uliopita kijana mumoja wa Kolwezi alituandikia barua. Anaendesha kamyo kubwa katika mugodi. Amejiwekea makuta miaka mine, na sasa anataka kununua motokari mupya ya mbio, ile ya milango miwili, inayolala chini karibu na udongo. Ameiona Lubumbashi kwa muuzishaji. Anauliza: “Papa Pasta, nipatane bei namna gani kusudi wasinidanganye? Na tena, ni zambi kutaka kitu kama hiki?”

Kijana yangu, nimefurahi kwa sababu umeuliza mbele ya kununua. Wengi wanakuja kwetu kiisha kununua, na machozi iko machoni. Kutaka motokari muzuri si zambi. Umefanya kazi ya haki. Lakini acha nikuelezee kwanza mambo ya baba yangu mwenyewe, kiisha tutasema juu ya bei.

Baba alipotoka kazini, kampuni yake ilimulipa makuta ya mwisho, yote mara moja. Sisi watoto tulikuwa saba. Juma moja tu, baba akaenda kutafuta motokari. Hakuenda na fundi, hakuenda na mama. Muuzishaji akasema dolari 4.500. Baba akasema 3.000. Muuzishaji akamupa mukono palepale, akacheka, akasema: “Vye, unaniua, lakini kamata.” Baba akarudi nyumbani na furaha sana, akipiga honi tangu kwenye barabara. Alizania kwamba ameshinda. Miezi mine tu moteri ikakufa. Ile motokari ikabaki ndani ya lupango, kuku wakataga mayai juu ya kiti cha nyuma. Wadogo zangu wawili wakaacha masomo mwaka muzima, na mimi nikangojea miaka miwili mbele ya kuingia masomo ya Biblia. Baba hakusema neno juu yake tena mpaka kufa kwake.

Kwa hiyo ninapoandika juu ya bei ya motokari, siandiki juu ya kitu cha muchezo.

Sasa tujue kwanza bei inatoka wapi. Motokari mupya inayofika kwetu haikuzaliwa Lubumbashi. Kuna bei ya kiwanda. Kuna bei ya mashua kubwa na asiransi ya njiani. Nyingi zinashuka Dar es Salaam, kiisha zinapita Tunduma na Nakonde, zinakata Zambia yote mpaka Kasumbalesa: karibu kilometre 2.000. Kuna duane pale mupakani, na duane inahesabu juu ya bei ya motokari pamoja na safari na asiransi. Kuna plaki na karatasi. Mwisho kabisa kuna faida ya muuzishaji.

Sasa angalia vizuri. Katika vitu hivi vyote, muuzishaji anaweza kupunguza kimoja tu: faida yake. Bei ya mashua imekwisha kulipwa. Duane imekwisha kulipwa. Kwa hiyo ukiona mutu anakukatia bei kupita kiasi, usipige makofi. Uliza: “Ni karatasi gani inayokosa?” Labda duane haikulipwa. Labda motokari ni ya wizi. Labda iligonga mahali, wakaipiga rangi. Makuta unayozania umeponyesha, utayalipa siku polisi watakapokusimamisha, ao siku mwenye mali atakapoonekana.

Nchini Marekani kuna sheria ya mwaka 1958, ambayo seneta Mike Monroney aliipigania, inayosema kila motokari mupya iwe na karatasi kwenye dirisha yenye kuonyesha bei ya kiwanda na kila kitu kilichoongezwa. Hata hivyo watu kule wanapatana bei. Ile karatasi inakuwa mwanzo wa maneno. Kwetu karatasi ile haiko. Kwa hiyo wewe mwenyewe sharti ujiandikie karatasi yako.

Fanya hivi. Enda kwa wauzishaji watatu, si kwa mumoja. Andika kila bei, na kila kitu kilicho ndani ya bei: plaki imo? Asiransi imo? Garanti ni ya miezi mingapi, na ni garaji gani itakayotengeneza? Mara nyingi bei ya chini ni ile ambayo haijasema plaki wala duane. Kiisha uandike hesabu ya mwisho, ile usiyoweza kupita hata wakikuimbia wimbo. Usibaki nayo peke yako. Mupe mama yako karatasi ile, ao bibi yako kama umeoa. Mutu aliye peke yake mbele ya motokari yenye kungaa ni kama mutu mwenye njaa mbele ya mandazi: hesabu inamupotea.

Siku ya kwenda, enda asubuhi, mwangaza ukiwa muzuri. Usiende wakati wa mvua, kwa sababu maji inaficha makosa ya rangi. Kwenda na fundi unayemujua, na umulipe wewe mwenyewe, asilipwe na muuzishaji. Kama kuna komisionere katikati, jua kwamba yeye anakula juu ya bei. Bei ikipanda, yeye anashiba.

Wanasema motokari ni mupya. Sawa. Angalia konteri. Kama ilikuja juu ya kamyo, itakuwa na kilometre kidogo tu. Kama waliiendesha yenyewe toka Dar es Salaam, itakuwa na kilometre kama 2.000, na kwa mashimo na vumbi. Hiyo si zero tena, na ni sababu ya haki ya kuomba bei ishuke. Kama konteri inasema zero lakini pedale zimechakaa na chini kumejaa matope ya zamani, rudi nyumbani.

Angalia mipira pembeni. Kuna namba mine zilizoandikwa pamoja: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Ukisoma 3523, mupira ulitengenezwa juma la 35 la mwaka 2023. Kama mipira ni ya miaka mitatu nyuma, uliza motokari ilisimama wapi wakati wote ule. Motokari yenye kusimama muda murefu, batri yake inachoka na mipira inaharibika, hata kama hakuna aliyeiendesha. Tena, motokari ya mbio inasimama muda murefu kwa wauzishaji wetu, kwa sababu wenye kuitaka ni wachache. Hapo ndipo nguvu yako. Mutu wa kununua pick-up anafuatwa na wengine kumi. Wewe labda uko wa kwanza mwezi huu. Soma vilevile namba ya shasi juu ya chuma, uilinganishe na karatasi, herufi kwa herufi.

Kiisha mazungumzo. Usianze kusema hesabu yako. Acha yeye aseme kwanza. Ukisema bei yako, nyamaza. Kunyamaza ni vigumu kwetu, tunapenda kujaza maneno, na mutu mwenye kujaza maneno anajiongezea bei mwenyewe. Nilisikia kijana mumoja wa kanisa letu akisema: “Patron, niko na 20.000… lakini ningeweza kuongeza kidogo…” Nani alimuuliza? Alijipandishia bei yeye mwenyewe.

Ukiwa na motokari ya zamani unayotaka kumuachia, usichanganye. Patana kwanza bei ya ile mupya mpaka mwisho. Kiisha ndipo useme juu ya ile ya zamani. Ukichanganya, atakupa bei nzuri upande mumoja na kuikamata upande wa pili, na wewe hautaona.

Jihazari zaidi na neno “kila mwezi.” Wale wanaofanya kazi katika makampuni wanasikia neno hilo kila siku. Muuzishaji hasemi bei, anasema: “Mudogo, ni dolari 450 tu kila mwezi, miaka tano.” Ukisema ni nguvu, anajibu: “Basi, nitakufanyia 400, miaka sita.” Unashukuru. Lakini kamata kalamu. Mara 450 kwa miezi 60 ni 27.000. Mara 400 kwa miezi 72 ni 28.800. Alikupunguzia 50 kila mwezi na akakuongezea 1.800 juu ya yote. Uliza siku zote hesabu ya mwisho, wala si ya mwezi.

Akifika mahali ambapo hawezi kushusha makuta tena, omba matabishi yenye faida: huile na filtre za kwanza, mupira wa akiba, matengenezo mawili ya bure, plaki. Usikubali matabishi ya kungaa tu, kama redio kubwa ao vioo vyeusi. Yote yaandikwe. Neno la mudomo linakufa mlangoni. Usiache makuta ya kwanza bila resu. Kulipa, lipa benki kama inawezekana. Dolari ya kupasuka utarudishiwa, na mutu mwenye kuhesabu makuta barabarani anahesabia wezi vilevile.

Na ukiona bei haishuki, sema asante na utoke kwa miguu yako. Usijifanyishe kutoka, toka kweli. Akikuhitaji atakuita. Asipokuita, umejua bei yake ya kweli.

Wazee wa Biblia nao walijua mambo haya. Katika Mwanzo sura 23 Abrahamu alipotafuta mahali pa kumuzika Sara, mwenye shamba alisema anatoa bure. Abrahamu hakukubali bure ile. Alipima feza shekeli 400 mbele ya mashahidi, na shamba likatajwa pamoja na pango na miti yote iliyokuwa ndani yake, kusudi kesho pasiwe maneno. Kitabu cha Mezali, sura 20, kinaonyesha upande mwingine: mununuzi anayetukana kitu wakati wa kupatana, kiisha anaenda kujisifu kwa rafiki zake. Kupatana bei si uongo. Taja kosa lililoko, usivumbue lisiloko. Na usimupe mutu wa duane kitu chini ya meza kusudi bei ishuke. Hapo umeiba, hata kama makuta ni yako.

Sasa kijana yangu, nirudi kwako. Motokari ya namna hii tumbo lake liko kama sentimetre 13 tu juu ya udongo. Unajua barabara ya kwenu kuliko mimi. Mipira yake ni ya bei nguvu, moteri yake mara nyingi inataka esanse ya juu, na kipande kikivunjika kitatoka mbali. Weka mambo haya ndani ya hesabu kabla ya kupatana, kwa sababu muuzishaji hatayaweka.

Ukumbuke tena mwaka 2018. Tani moja ya kobalti ilipita dolari 90.000, na mujini kila juma tuliona motokari mupya. Mwaka 2019 ilianguka chini ya 30.000. Wengi waliokamata kredi walirudisha motokari, na makuta waliyokwisha kulipa hayakurudi. Mushahara wako unatoka katika udongo uleule.

Katika barua yako uliandika, mwisho kabisa kama neno la kupita, kwamba baba yako amekufa na wadogo zako watatu wanasoma kwa mukono wako. Nililisoma neno lile mara nyingi. Sitakuamuru. Lakini fanya kitu kimoja: mbele ya kwenda Lubumbashi, tenga makuta ya masomo yao ya miaka miwili, uyaweke benki kwa jina la mama. Yale yanayobaki, yahesabu. Kama yanatosha kununua motokari na kuilisha mwaka muzima bila kredi, enda, upatane kwa ujasiri, na siku ukipita Lubumbashi uje unionyeshe, nitapanda kando yako. Kama hayatoshi, iache imesimama pale. Kwa muuzishaji mipira itazeeka na bei itashuka, na wadogo zako watakuwa wamepanda darasa mbili.

Mwezi ujao, Mungu akitaka, tutasema juu ya kununua lupango na karatasi zake. Muendelee kuandika.