BENZI KUUKUU NA MSHAHARA UNAOKATWA

Ndugu wafanya kazi wa gereji,

Kuna desturi mbaya imeingia katika gereji nyingi, na tusipoipinga sasa kesho tutaambiwa kuwa ndiyo sheria. Motokaa ya fahari iliyokwisha kwenda kilomita laki mbili au tatu huletwa kwa matengenezo makubwa. Mwenyewe akisikia gharama hukataa nusu ya kazi. Fundi huambiwa afanye nusu iliyobaki. Mwezi ukiisha gari hurudi kwa kamba, na fundi hukatwa mshahara. Mwenye gari alipunguziwa bei, tajiri alipata faida yake, na hasara hubebwa na yule ambaye kipato chake ni kidogo kuliko cha wote wawili. Je, hiyo ni haki?

Tueleze kazi yenyewe, maana matajiri hupenda kusema, "Ni servisi tu, badilisha mafuta umpe mtu gari lake."

Katika miaka iliyofuata uhuru wa 1963 wananchi waliwaita wakubwa "Wabenzi" kwa sababu ya magari yao. Siku hizi Mercedes-Benz iliyozeeka hununuliwa hata na mwalimu au mwenye duka. Sheria yetu huruhusu motokaa kuukuu kuingia nchini ikiwa haijapita miaka 8 tangu iandikishwe mara ya kwanza, na ikishaingia hapa hutembea miaka mingine mingi, mkono kwa mkono. Kila mkono bei hushuka. Lakini, ndugu, bei ya gari hushuka, bei ya spea haishuki. Springi ya Benzi kuukuu haijui kwamba mwenyewe amenunua kwa bei nafuu. Hapo ndipo ugomvi wote huanzia.

Tazameni giaboksi ya otomatiki ya gia tano ambayo kampuni hiyo ilianza kuitia katika magari yake katikati ya miaka ya 1990. Kwanza wenye magari waliambiwa kuwa mafuta yake ni ya maisha, hayabadilishwi. Baadaye kampuni yenyewe iligeuka ikataka yabadilishwe. Bomba la kupimia lina kifuniko, lakini ndani hamna kijiti. Fundi lazima awe na kijiti chake, na apime injini ikiwa inanguruma na mafuta yamefika joto la digrii 80. Tena pale nyaya zinapoingia giaboksi pana plagi ndogo yenye mipira. Mipira ikichoka, mafuta hupanda ndani ya nyaya mpaka kwenye kompyuta. Plagi hiyo ni ya bei ndogo sana. Mwenye gari akiikataa na kompyuta ikafa, kosa ni la fundi?

Tazameni springi za upepo. Mpira ukipasuka kidogo upepo hutoka polepole usiku, na pampu hufanya kazi bila kupumzika mpaka iungue. Fundi husema: tubadilishe springi, kisha pampu. Mwenyewe husema: weka pampu peke yake. Pampu mpya nayo huungua, na jina la fundi huharibika mtaa mzima.

Mafuta ya breki hunyonya maji, kwa hiyo yafaa yabadilishwe kila miaka miwili hata kama gari halitembei. Katika baadhi ya injini za silinda sita zilizotengenezwa miaka ya 2000, meno ya gia ya shafti ya mizani huliwa mapema, na kuitengeneza lazima injini yote ishushwe. Hiyo ni kazi ya siku nyingi. Mtu asituambie ni kazi ya saa mbili.

Na hatari je? Gari la springi za upepo likipoteza upepo hushuka bila kumwonya mtu. Fundi aliye chini yake akitegemea jeki moja bila stendi za chuma ameweka roho yake juu ya mpira. Mafuta machafu ya injini yakikaa ngozini miaka na miaka yaweza kuleta saratani ya ngozi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yasema mwajiri ndiye wa kutoa nguo na vifaa vya kujikinga, na asimkate mfanya kazi hata senti kwa ajili hiyo. Glovu si zawadi ya Krismasi.

Sasa tuje kwenye mshahara. Sheria ya Kazi ya 2007, kifungu cha 19, yaruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika ikiwa mfanya kazi ameiharibu kwa makusudi. KWA MAKUSUDI, ndugu! Gari lililozeeka, lililonyimwa spea, likafa barabarani, ni makusudi ya nani? Tajiri anayekata mshahara kwa sababu hiyo anavunja sheria, hata akiwa na tabasamu, hata akisema "sisi hapa ni jamaa moja."

Tajiri atajibu: "Mteja ndiye aliyekataa, mimi nifanyeje?" Jibu ni rahisi: aandike. Karatasi ya kazi ionyeshe yote fundi aliyoyaona, yaliyofanywa na yaliyokataliwa, na mwenye gari atie sahihi. Atasema tena: "Nikimbana atakwenda kwa jua kali." Fundi wa jua kali ni ndugu yetu, naye huonewa vile vile na wateja wale wale. Tusikubali kutumiwa kama fimbo ya kupigana sisi kwa sisi.

Nasi tujisafishe. Fundi anayetoza spea mpya akafunga kuukuu, au anayerudisha mita nyuma ili gari lionekane changa, huyo ni adui wa mafundi wote, na chama kisimtetee. Hatuwezi kudai haki mikono yetu ikiwa michafu kwa wizi. Uchafu wa grisi watosha.

Kwa hiyo twadai haya:

1. Karatasi ya kazi kwa kila matengenezo makubwa, yenye sahihi ya mwenye gari kwa kila kazi aliyoikataa.

2. Mshahara usikatwe kwa gari lililorudi, mpaka ithibitike kuwa fundi aliharibu kwa makusudi.

3. Stendi za chuma, glovu na overoli kwa kila fundi na kila mwanagenzi, bila malipo.

4. Mafunzo ya mashine za kupimia kompyuta za magari, yatolewe wakati wa kazi na kulipwa kama kazi.

Ndugu yeyote aliyekatwa mshahara kwa njia hii alete hati yake ya malipo kwa mwakilishi wa chama katika gereji yake. Asikubali kutia sahihi karatasi asiyoielewa. Asiende ofisini kwa tajiri peke yake. Aende na mwenzake.

Gari la tajiri husukumwa na watu wengi likikwama. Nasi tusukume pamoja.

UMOJA NI NGUVU!