Turbini isinunuliwe bila pacha wake

Wakaaji wa Bukavu wanajua vizuri giza linalotoka kwenye mto Ruzizi. Chupa na mifuko ya plastiki kutoka ziwa Kivu zinaziba njia ya maji, mashini zinapunguza nguvu ao zinasimama, na muji unabaki na mishumaa. Mafundi wanashuka kutoa uchafu. Kazi yao ni ngumu, tena wanastahili heshima. Lakini Ruzizi I imejengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na mashini ya umri huo haiwezi kumweleza fundi inaumia wapi mpaka siku inapokataa kuzunguka.

Leo kuna jambo lingine mezani. Mradi wa Ruzizi III, wenye megawati 206, unatazamiwa kugawa umeme kati ya Kongo, Rwanda na Burundi. Vita na mambo ya fedha vimeuchelewesha, na hakuna anayeweza kuapa juu ya tarehe. Hata hivyo, siku turbini zitakapoagizwa, serkali za inchi hizi tatu zinapaswa kudai kitu ambacho hakionekani kwa macho: pacha wa kidijitali wa kila turbini.

Pacha huyo si picha nzuri ya kompyuta. Wachuuzi wengi siku hizi wanaita pacha kila mchoro unaozunguka kwenye kioo, na viongozi wanapiga makofi. Pacha wa kweli ni mfano wa hesabu unaojua uzito wa chuma, nguvu ya maji, joto na mtetemo wa mashini moja, ile yenye namba yake, na si ya jirani yake. Vyombo vya kupimia vilivyofungwa kwenye turbini vinamtumia habari kila mara. Mhimili ukianza kutetemeka zaidi ya kawaida, pacha anaonyesha tofauti kati ya vile mashini ilivyopaswa kuwa na vile ilivyo. Fundi anapata nafasi ya kupanga matengenezo na kuagiza kipuri kabla muji haujaingia gizani.

Wazo hili lina mizizi ya zamani. Katika mwezi wa 4 mwaka 1970, tanki la oksijeni lilipasuka ndani ya Apollo 13, zaidi ya kilomita 300 000 kutoka duniani. Wamarekani hawakuweza kutuma fundi huko. Walichokuwa nacho ni mashini za mazoezi zilizobaki chini, wakazipanga zifanane na chombo kilichoharibika. Ken Mattingly, mwanaanga aliyeondolewa kwenye safari hiyo dakika za mwisho, alisaidia kujaribu humo hatua za kuwasha tena chombo kwa umeme kidogo uliobaki. Watu watatu walirudi wazima. Mwaka 2002 Michael Grieves, katika Chuo Kikuu cha Michigan, alieleza wazo la kuunganisha kitu halisi na mfano wake wa kompyuta kwa maisha yake yote. Jina la pacha wa kidijitali lilienea baada ya NASA kulichukua karibu na mwaka 2010.

Fundisho kubwa kwa wanaonunua mashini ni hili: pacha azaliwe pamoja na mashini. Kongo nzima inajua majina ya Mbuyi na Kabanga, na inajua kwamba Mbuyi anamtangulia ndugu yake kidogo tu. Kwa turbini, pacha wa kompyuta ndiye Mbuyi. Anaanza kabla chuma hakijakatwa, anapigwa na mafuriko ya hesabu, anavunjika bila kuumiza mtu. Kisha kila badiliko kiwandani linaandikwa kwake: blade iliyopunguzwa unene, skrubu iliyobadilishwa, matokeo ya majaribio ya kwanza. Ukimtengeneza miaka 20 baadaye, unaweza kupima sura ya chuma kwa vyombo vya kisasa, lakini historia ya kile chuma imekwisha kupotea. Unabaki kubahatisha.

Inga inaonyesha bei ya kubahatisha. Inga II, iliyofunguliwa mwaka 1982, ina turbini nane za megawati 178 kila moja, na kwa miaka mingi baadhi yake zimekaa kimya zikisubiri kutengenezwa. Sababu ni nyingi, fedha na usimamizi vikiwa mbele. Hakuna kompyuta inayoponya mfuko mutupu. Na pacha hatatoa chupa hata moja ndani ya Ruzizi. Hiyo ni kazi ya watu wa Bukavu na ya wanaokusanya takataka.

Swali gumu zaidi ni la umiliki. Mara nyingi kampuni inayouza mashini ndiyo inayoshika mfano wa hesabu na habari zote zinazotoka kwenye vyombo. Mwenye turbini anabaki mteja wa kudumu: kila homa ya mashini inalipiwa daktari wa Ulaya ao wa China. Kwa hiyo mkataba useme wazi kwamba faili, vipimo na programu vitakabidhiwa pamoja na turbini, kwamba vitafunguka hata kampuni ikifungwa, na kwamba kopi moja itakaa hapa, kwa sababu intaneti ya Kivu inajulikana.

Useme pia nani atafundishwa. Kuna fakulte ya polytechnique huko Lubumbashi, kuna ISTA ya Goma, na kuna vijana wanaomaliza masomo bila kuwa wamegusa turbini hata moja. Wakitumwa kiwandani wakati mashini inatengenezwa, wakashika pacha tangu mchoro wa kwanza, watarudi wakimjua. Wakiitwa siku ya kukata utepe, watapewa kitabu cha maelezo na namba ya simu ya kupiga ngʼambo.