Mwaka 1992 Haujapita Likasi

Likasi, hapa Katanga nchini Kongo, tumezoea kuambiana kwamba yaliyopita yamepita: vurugu zilikuja, zikaisha, mji ukarudi kama zamani. Si kweli, na kusema hivyo ni kuwadhulumu mara ya pili waliofukuzwa. Baada ya Kongamano Kuu la Kitaifa kumchagua Étienne Tshisekedi, Mkasai, kuwa waziri mkuu mwezi wa nane 1992, vijana wa chama cha UFERI, wakichochewa na hotuba za gavana Kyungu wa Kumwanza, waliwatoa watu wa asili ya Kasai majumbani mwao. Maelfu walilala stesheni ya Likasi kwa miezi, wakingoja treni ya kuwapeleka jimbo ambalo wengine hawakuwahi kuliona. Kati yao walikuwamo mafundi na makarani wa kampuni ya madini ya Gécamines, watu wa reli, walimu, wauguzi. Gécamines, iliyotoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, mwaka 1993 haikufikisha hata 50,000. Sisemi kufukuzwa huko peke yake ndiko kulikoiangusha: mgodi wa Kamoto ulikuwa umeporomoka mwaka 1990, na utawala wa rais Mobutu ulikuwa umekwisha kuikamua hazina yake. Lakini kampuni iliyokuwa imeyumba ilipoteza mikono yenye ujuzi wakati ilipoihitaji kuliko wakati wowote.

Msiba hukaa hasa katika mipango ya dharura inayogeuka desturi. Chukua shule: miaka ileile serikali ilishindwa kuwalipa walimu, na wazazi wakakubali kuchanga ili shule zisifungwe. Ilikuwa iwe kwa muda tu. Katiba ya 2006 ikaandika kwamba shule ya msingi ni bure, na bado wazazi wakaendelea kulipa mpaka mwezi wa tisa 2019. Mtoto wa 1992 alikuwa amekwisha kuwa mzazi anayelipa.

Nitajibiwa kwamba Wakasai wamerudi, wanauza sokoni, wanaoana na wenyeji, na kwamba mwaka 2016 Kyungu mwenyewe alisimama upande mmoja na Tshisekedi katika upinzani. Yote ni kweli. Wawili hao walikuwa pamoja hata mwaka 1980, kati ya wabunge 13 waliomwandikia Mobutu barua ya kumkosoa. Viongozi hugombana na kupatana, lakini mapatano yao hayamrudishii mtu nyumba aliyoiuza kwa bei ya kutupa ili akimbie, wala kazi aliyoiacha. Na wageni kutoka Kasai wanaposhuka tena Katanga, ubishi wa nani mwenye mji unaamka mara moja, kwa kuwa hakuna mahakama iliyowahi kuwahukumu waliopanga kuwafukuza wale wa kwanza.