Modi Moja Inatosha, na Isinichezee

Wasee, leo nawakosoa kidogo. Nyinyi mnaocheza 0 A.D., ile gemu ya bure ya kujenga mji na kupeleka jeshi vitani, mkipigwa mara mbili tu mshakimbilia modi za skrini. Nawajua kwa sababu hata mimi nilikuwa huko.

Likizo ya Desemba nilicheza na binamu yangu hapa Nyamache. Laptopu mbili kuukuu, tumeziunganisha kwa hotspot ya simu, intaneti hakuna. Mimi nilichukua Wakushi (waliongezwa 2018, na siwaachi), yeye Warumi. Akanichapa mechi sita mfululizo! Nikanunua bando, nikafungua orodha ya modi iliyo ndani ya gemu yenyewe, maana tovuti za ajabu ajabu siziamini, nikapakua karibu kila kitu. Skrini ikajaa namba na rangi kama matatu ya Rongai. Laptopu ikaanza kukwama. Mechi ya saba nikachapwa haraka zaidi.

Kumbe shida haikuwa skrini. Wafanyakazi wangu wakimaliza matunda walikuwa wanasimama tu bure, na mimi nasahau kujenga nyumba mpaka siwezi kuongeza mtu. Na kitufe cha nukta, kile kinachokuchagulia mfanyakazi asiye na kazi, kilikuwepo siku zote. Bure kabisa. Nikaondoa modi zote, nikabakisha BoonGUI, inayopanga takwimu juu ya skrini, ndiyo naona idadi ya watu wangu mara moja. Wewe kama unachelewa kwa vitufe, jaribu Autociv. Lakini jua kwanza nini kinakupiga, na uangalie modi ni ya toleo lako, la sivyo bando limeenda.

Sasa hapa ndipo tutakosana. Kuna modi zinazoendelea kutoa wanajeshi zenyewe wewe ukiwa upande mwingine wa ramani. Binamu alikuwa nayo mechi zote hizo, na nilipoiona akasema eti ni ya kupanga skrini tu. Zii, bana. Ya kunionyesha kambi imekaa bure, sawa. Ya kuamrisha jeshi kwa niaba yako, basi nilikuwa nacheza na watu wawili.

Nimemwambia akija Aprili aiondoe kwanza, ama tucheze karata. Ameona meseji, hajajibu.